Mbweha wa London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na lile la kama wapunguzwe

Kila ikifika Januari simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Ni ndugu na marafiki, wengi wamehamia London karibuni kutoka Dar, Mombasa, Unguja au Bukavu, na habari yao ni moja: kuna mnyama mwekundu anapita uani usiku, mkia kama ufagio, na mtu hamwogopi. Baada ya mshangao huja malalamiko ya taka, ya kelele, ya maua yaliyofukuliwa, na mwisho lile swali lililo nyuma ya yote: kwa nini hawauawi wakapungua? Naishi mashariki mwa mji huu mwaka wa 14 sasa, nyumba ya safu yenye kiuani nyuma, na muda wote huo nimewatazama mbweha na kusoma yaliyoandikwa na waliowachunguza. Majibu yangu ni haya.

Huyu ni mbweha yule yule wa kwetu?

Jina ni moja, mnyama ni mwingine. Mbweha mgongo mweusi unayemwona Serengeti au Tsavo yuko karibu zaidi na mbwa na mbwa mwitu. Bweha masikio, yule mdogo anayekula mchwa, naye ni wa ukoo mwingine. Wa London ni mbweha mwekundu, mla nyama wa porini aliyeenea kuliko wote duniani. Afrika yuko kaskazini tu. Lakini ndugu zetu wa Oman wanaye: yule mdogo mwembamba mwenye masikio makubwa, ambaye Waarabu humwita thaalab, ni mbweha mwekundu huyu huyu aliyezoea jangwa.

Manyoya humfanya aonekane mkubwa. Dume la London lina kilo sita au saba, jike kama tano na nusu. Paka mnene wa jirani hayuko mbali sana na hapo.

Nani aliwaleta mjini?

Hakuna aliyewaleta. Mbweha ni mwenyeji wa Uingereza tangu kale, na mji ndio uliomfuata. Kati ya vita viwili vya dunia London ilitanuka kwa kasi: nyumba pacha, kila moja na bustani ndefu nyuma, zikajengwa juu ya yaliyokuwa mashamba. Kwa mbweha bustani hizo zilikuwa bora kuliko shamba lenyewe. Zina vichaka vya kujificha, vibanda vya kulalia chini yake, nyungunyungu kwenye majani yaliyokatwa, matunda yaliyoanguka na mabaki ya mezani. Kufikia miaka ya 1930 walikuwa wamekwisha kuingia viungani mwa London, na kutoka hapo wakasogea ndani kwa kufuata tuta za reli, makaburi na viwanja vitupu.

Mwaka 2011, jengo la Shard lilipokuwa linajengwa, mbweha mmoja alipanda ngazi hadi ghorofa ya 72 na kuishi huko kwa mabaki ya chakula cha mafundi. Walimkamata, wakampima, wakamwachia barabarani kule Bermondsey. Kisa hicho huwa nakikumbuka mtu akiniambia mbweha wamepotea njia. Hawajapotea. Wanajua chakula kiliko.

Wako wangapi?

Idadi inayotajwa sana kwa London ni kama 10,000. Ukisikia hesabu yoyote, jambo la kuuliza ni ilifanywa mwezi gani. Machi jike huzaa watoto wanne au watano, basi Mei na Juni mbweha wamejaa kila kona. Kufikia majira yanayofuata ya kuzaa wengi wamekufa. Wa mjini kwa wastani huishi mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ingawa akitunzwa na binadamu anaweza kupita miaka kumi, na anayewaua zaidi ni gari. Kwa hiyo mtu aliyewaona sita kwenye nyasi mwezi wa sita akasema wameongezeka, macho hayakumdanganya, ila ameona nusu ya mwaka tu.

Ile sauti ya usiku ni nini? Mama anataka tuite polisi.

Mwache mama alale. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tanga, usiku wa tatu aliniamsha saa tisa akiwa amejifunga kanga, tasbihi mkononi, akasema kuna mwanamke anauawa nyuma ya nyumba. Tulisimama dirishani pamoja. Chini ya taa ya uchochoro alikuwa jike mmoja, kichwa amekiinua, pumzi inatoka kama moshi, na kila baada ya sekunde chache anaachia ukelele mkavu wa kukwaruza ulionifanya hata mimi niliyezoea nisisimke. Mama alitazama kimya mpaka jike akaondoka, kisha akasema, "Kumbe anaita mume."

Ndivyo ilivyo. Msimu wa kupandana ni Desemba hadi Februari, na kilele ni Januari. Jike hushika mimba katika siku kama tatu tu kwa mwaka, kwa hiyo hana muda wa kupoteza. Februari ikiisha, kelele nazo huisha.

Kwa nini kaunsili haiji kuwachukua?

Kwa sababu kisheria mbweha hayuko kwenye kundi la panya na kunguni. Halmashauri haina wajibu wa kumwondoa, na haina mamlaka ya kuingia kwenye kiwanja chako kumuua. Ukipiga simu utapewa ushauri wa kufunga taka vizuri, na wengi hukasirika wakidhani wanafukuzwa kwa maneno matamu. Ushauri huo ni wa kweli, nitaueleza mbele.

Mimi mwenyewe je, naruhusiwa kumuua au kumtega?

Kuna mambo ambayo ni kosa moja kwa moja: sumu, gesi ndani ya shimo, tanzi linalojikaza lenyewe, upinde na mshale, na kumfukia shimoni akiwa hai. Kumtesa mnyama pori ni kosa kwa sheria ya mwaka 1996. Kumwachia mbwa wako amkimbize nako kumekatazwa England na Wales kwa sheria ya uwindaji ya mwaka 2004. Kumtega kwa kizimba na kumpiga risasi havijakatazwa vyenyewe, lakini risasi mjini, kwenye nyua zinazopakana na za watu wenye watoto, sidhani nahitaji kueleza hatari yake.

Zipo kampuni binafsi zinazofanya kazi hiyo kwa mamia ya pauni. Usidanganyike na ahadi ya kumkamata na kumpeleka porini. Huko msituni kila kipande kina wenyewe. Mbweha wa mtaa anayetupwa pale hajui maji wala maficho, na wenyeji humfukuza hadi afe njaa au agongwe. Kumtelekeza hivyo kunaweza pia kukuingiza matatani kisheria.

Lakini wakiuawa wengi, si lazima wapungue?

Hili ndilo swali lenyewe, na nalijibu kwa urefu kwa sababu jibu linapingana na akili ya kawaida. Mimi pia niliamini hivyo mwanzoni.

Mbweha huishi kwa himaya. Dume na jike wake, pengine na mabinti waliobaki nyumbani, hushika eneo ambalo kwa mjini mara nyingi halifiki nusu kilomita ya mraba, na hulilinda kwa mkojo, kelele na meno. Ndani ya eneo hilo kwa kawaida huzaa jike mkuu. Mabinti wengi hawazai, husaidia kulea. Sasa, vuli ikiingia, vijana waliozaliwa Machi huanza kuondoka. Kuanzia Oktoba hadi Januari mji unajaa mbweha vijana wasio na makao, wanapita usiku kucha kutafuta eneo lisilonuka mwenyewe. Ukimuua aliye uani kwako, umetundika kibao cha nyumba ya kupanga. Baada ya siku kadhaa au wiki chache mwingine yumo, na huyo mgeni hajui mipaka, anagombana, anapiga kelele zaidi, anachimba kila mahali. Tena jike mkuu akifa, wale mabinti waliokuwa hawazai wanaweza kuanza kuzaa.

Jambo hili limewahi kujaribiwa. Halmashauri kadhaa za London ziliajiri watu wa kuwaua mbweha, hasa miaka ya 1970. Kufikia miaka ya 1980 ziliacha: fedha zilitumika mwaka baada ya mwaka na mbweha waliendelea kuwepo. Mashambani pia ulitokea mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipowashika ng'ombe na kondoo wa Uingereza, uwindaji wa mbweha ulisimamishwa karibu mwaka mzima. Waliokuwa wakiamini kwamba uwindaji ndio unaowazuia walitarajia wafurike. Watafiti wakahesabu kinyesi kwenye maeneo yale yale kabla na baada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: hakukuwa na ongezeko.

Je, kuna kitu kilichowahi kuwapunguza kweli? Kipo, na ningependa kila anayesema "wafyekwe" akijue. Bristol ndio mji ambao mbweha wake wamechunguzwa kuliko karibu mji wowote, kazi iliyoongozwa kwa miongo mingi na Stephen Harris wa chuo kikuu cha huko. Mwaka 1994 uliingia upele, ule wa utitiri wanaochimba ngozini. Katika miaka miwili tu zaidi ya asilimia 95 ya mbweha wa maeneo yaliyochunguzwa walikufa, na hata baada ya miaka kumi walikuwa hawajarudia idadi ya zamani. Binadamu hajawahi kukaribia kiwango hicho kwa bunduki mjini.

Nimewahi kumwona mwenye upele. Alikaa juani juu ya kibanda changu Februari moja, mkia umebaki kama kamba, kope zimeshikana kwa magaga, anajikuna mpaka anadondoka. Hakukimbia nilipofungua mlango. Chakula alikiona, akashindwa kukifikia. Nilipiga simu kwa shirika la kutibu wanyama pori, lakini walipofika alikuwa amekwisha kufa. Anayetaka wapungue kwa njia hiyo, na aseme hivyo waziwazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: idadi ya mbweha wa London inatawaliwa na chakula na mahali pa kulala, na vyote viwili tunavitoa sisi. Wanaotaka idadi ishuke wana haki ya kutaka hivyo, sibishani nao. Ila njia inapita kwenye mapipa yetu.

Na kuwahasi, au dawa ya uzazi?

Wazo ni la huruma, lakini lingetaka kuwafikia karibu wote, kila mwaka, katika mji wenye bustani zisizohesabika za watu binafsi. Na asiyezaa akifa, nafasi yake bado hujazwa na kijana aliyetoka mtaa wa pili.

Mtoto wangu mchanga yuko salama?

Nalijibu swali hili bila kupunguza wala kuongeza, maana ni la mzazi.

Yametokea. Juni 2010, huko Hackney, mbweha aliingia nyumbani usiku wa joto kupitia mlango ulioachwa wazi, akawajeruhi vibaya watoto pacha wa miezi tisa waliokuwa wamelala kitandani. Februari 2013, Bromley, mtoto wa wiki chache alikatwa kidole na madaktari wakakiunga tena. Baada ya tukio hilo Boris Johnson, aliyekuwa meya wakati huo, aliwataka viongozi wa halmashauri wachukue hatua. Watoto wale walipata maumivu ya kweli, na sipendi kusikia mtu akiyafanya madogo kwa kuwa tu anawapenda mbweha.

Ila pima kwa mizani iliyo sawa. Kila mwaka maelfu ya watu hulazwa hospitali za England kwa kung'atwa na mbwa, tena mbwa wanaojulikana, wengine wa nyumba hiyo hiyo. Matukio ya mbweha ni machache kiasi kwamba kila moja hubaki kwenye magazeti kwa miaka. Mbweha anayeingia ndani mara nyingi ni kijana mdadisi, au ni yule aliyezoeshwa na mtu kula mkononi.

Kinachohitajika ni kidogo: mtoto akilala chini, mlango wa nyuma ufungwe, hata Julai usiku joto linapokaba. Fungua dirisha la juu. Ukimkuta ndani usimbane pembeni, mfungulie njia ya kutokea na urudi nyuma. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yangu tangu kifungua mimba wetu azaliwe.

Wana kichaa cha mbwa?

Hapa Uingereza, hapana. Kwa sisi tuliokulia mahali ambapo mbwa akitoka udenda watoto wote hupanda mtini, hofu hii iko damuni na ina sababu. Lakini Uingereza ilimaliza kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu mwaka 1922, na mbweha wake hawana.

Kisa cha Ulaya bara ndicho kizuri zaidi, na kinahusu hasa suala la kuua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kichaa kilienea kwa mbweha kutoka mashariki kwenda magharibi. Serikali ziliwapiga risasi, zikatia gesi mashimoni, zikalipa zawadi kwa kila mkia, na ugonjwa ukasonga mbele. Mwaka 1978, Uswisi, wakajaribu kitu kingine katika bonde la mto Rhône: walichukua vichwa vya kuku, wakatia ndani chanjo, wakavitawanya njiani mwa ugonjwa. Mbweha wakala. Ugonjwa ukasimama. Mtindo huo ukaenea, baadaye kwa chambo za kiwandani zilizomwagwa kwa ndege, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Uswisi ilikuwa imetangazwa kuwa huru. Mbweha aliyechanjwa na kubaki kwenye eneo lake ni ukuta. Aliyeuawa huacha pengo, na anayekuja kulijaza anaweza kuja na ugonjwa.

Upo pia mnyoo tegu mdogo wa mbweha anayeweza kumwua binadamu kwa kuharibu ini. Yuko Ulaya bara, mji wa Zurich ukiwemo, ila Uingereza hayupo. Ndiyo maana mbwa anayeingizwa nchini lazima apewe dawa ya tegu siku moja hadi tano kabla ya kufika.

Kinachobaki ni kinyesi, ambacho kama cha mbwa kinaweza kuwa na mayai ya minyoo, kwa hiyo vaa glavu na funika sanduku la mchanga la watoto. Kuna upele, unaoweza kumpata mbwa wako. Na kuna minyoo ya mapafu inayopita kwa konokono: mwenye mbwa aulize dawa yake kwa daktari wa mifugo.

Wanakula paka?

Kwa nadra sana. Paka mzima hujitetea, na ukiwatazama wakikutana ukutani usiku, mara nyingi anayempisha mwenzake ni mbweha. Vitoto vya paka na sungura wa kufugwa ni habari nyingine, wawe ndani.

Wengine wanakumbuka hofu ya Croydon, kusini mwa London. Kuanzia 2015 watu walikuwa wakikuta paka wao wamekatwa kichwa au mkia, na mtaa mzima ukaamini kuna mtu mwovu mwenye kisu. Polisi walichunguza karibu miaka mitatu. Septemba 2018 walifunga jalada: paka waligongwa na magari, na mbweha, ambao hula mizoga, walikuja baadaye wakang'oa vichwa na mikia. Naelewa uchungu wa aliyemkuta paka wake hivyo mlangoni. Ila muuaji alikuwa barabarani.

Wameniibia viatu! Ni kweli au ni watoto wa jirani?

Ni mbweha, na sisi tunaovua viatu mlangoni tunapata hasara hii kuliko wengine. Ngozi ina harufu ya mnyama, mpira unatafunika vizuri, na vitoto vinahitaji vitu vya kuchezea. Mwaka 2020, Berlin, mtaa wa Zehlendorf, mtu aliyekuwa akitafuta kiatu chake alikuta hazina ya mbweha yenye zaidi ya viatu 100, vingi vikiwa ndala na yeboyebo. Kwangu vimekwenda viatu vitatu vya watoto na kubadhi moja la mguu wa kushoto. Viingize ndani.

Kuku wangu watano wameuawa usiku mmoja, na amekula mmoja tu. Huyo si mkatili?

Pole sana. Ni picha mbaya kuamka nayo. Porini ndege wengine wangeruka, naye angepata mmoja. Bandani hawana pa kukimbilia, wanapapatika, na kila anayepapatika anamwamsha tena silika. Akiachwa angerudi kuwabeba mmoja mmoja na kuwazika kwa siku za njaa. Ndiyo maana maua yako nayo yamefukuliwa: alikuwa anazika akiba yake.

Tatizo karibu kila mara ni banda. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, haumzuii mbweha kuingia, maana anauchana kwa meno. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, uinamishe na kuutandaza nje ardhini kama pindo la gauni, upana wa kama sentimita 40, kisha uufunike kwa udongo ili akichimba akutane nao. Weka paa. Ukuta wa mita mbili anaupanda. Tundu linaloingiza kichwa chake, kama sentimita kumi, linaingiza mwili wote. Na komeo liwe la kugeuza na kufunga, si kijiti. Jirani yangu mmoja wa Kisumu ana kuku saba mwaka wa sita huu, mbweha wanapita kila usiku, na hajapoteza hata unyoya.

Ni vibaya kuwalisha?

Kumwekea kidogo siyo kosa kisheria. Lakini nawaomba msiwalishe mkononi wala mlangoni. Mbweha anayejifunza kwamba mlango wazi maana yake chakula ndiye atakayeingia chumbani kwa mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe unapinga kuwapunguza wanyama popote?

Hapana, na mfano ulio karibu nasi ni kunguru. Wale weusi wa shingo ya kijivu wanaojaza Dar, Mombasa na Unguja si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, kisha wakaenea pwani yote wakila mayai na makinda ya ndege wetu. Huyo ni mgeni aliyepandikizwa na binadamu, na ndege wa pwani hawakuzaliwa na kinga dhidi yake. Kumpunguza naunga mkono. Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuua milioni moja. Lakini hata hapo Zanzibar ina la kufundisha: kampeni ya miaka ya 1990 iliwashusha sana mjini, ikaachwa, nao wakarudi, kwa sababu majalala yalibaki vile vile.

Australia nako mbweha ni mgeni, aliletwa na Wazungu karne ya 19 kwa ajili ya kuwinda, na amemaliza wanyama wadogo wasiopatikana kwingine. Katika kisiwa cha Phillip, karibu na Melbourne, waliwaondoa wote ili kuwaokoa pengwini wadogo, na kufikia 2017 walitangaza kisiwa hakina mbweha. Ni kisiwa, mlango wake ni daraja moja, na kazi ilichukua miaka mingi. London haina daraja la kulinda.

Basi nifanye nini wiki hii?

Anza na taka. Zamani nilikuwa natoa mfuko mweusi Jumatano usiku, ili lori la Alhamisi asubuhi lisinipite. Jumatano moja tulikuwa tumepika changu na kamba, na maganda yote yakaingia humo. Asubuhi mfuko ulikuwa umefunguliwa kwa mkato mmoja safi, mfupi, kama wa wembe, na vichwa vya changu vimepangwa njiani hadi kwa jirani ambaye hali samaki. Nilifagia mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo mabaki ya samaki hukaa kwenye friza hadi asubuhi ya lori, na mengine kwenye pipa la mabaki ya chakula lenye mpini wa kufunga. Mbweha bado anapita kwangu, lakini hasimami.

Mengine ni madogo. Mbolea ya unga wa mifupa na damu humwambia kuna mzoga umezikwa, tumia nyingine. Okota matunda yaliyoanguka. Chakula cha paka kisilale nje. Akizoea kujisaidia kwenye nyasi, kipo kinyunyizio cha maji kinachojifungua chenyewe kikihisi mnyama, kinafaa kuliko vyombo vingi vya mlio. Dawa za harufu zilizoidhinishwa zipo madukani. Usimwage dizeli wala kutawanya naftalini kama tulivyozoea kwa nyoka nyumbani: ni kosa kisheria, na watoto huziokota.

Na zungumza na majirani. Ukifunga pipa lako peke yako katika mtaa wa nyumba 40, umemhamishia nyumba ya pili.

Nimekuta vitoto chini ya kibanda. Niwatoe?

Kama unaweza kuvumilia, subiri. Huzaliwa Machi wakiwa na manyoya ya rangi ya kahawa na macho yaliyofumba, ambayo yakifunguka huwa ya buluu, hutokeza nje mwisho wa Aprili, na kufikia katikati ya kiangazi familia huwa imelihama shimo. Ukimkuta mmoja peke yake usimwokote, mama yuko karibu anakungoja uondoke. Kama huwezi kusubiri, pita pale mara kwa mara, ongea kwa sauti, acha redio ikiwaka, ondoa vichaka vinavyolificha shimo. Mama huwa na shimo la pili tayari na atawabeba usiku mmoja mmoja kwa meno.

Usizibe wakiwa ndani. Ngoja vuli, kisha sokota gazeti ulipachike mdomoni mwa shimo kwa wepesi. Likisukumwa, bado yupo. Likikaa siku nne bila kuguswa, zika wavu wa chuma kuzunguka kibanda chote kabla ya Desemba, maana kuanzia hapo majike huanza tena kukagua nyumba.